Muulize Mjomba: Moshi wa Shemeji

Mjomba hujibu barua za wasomaji wa ng'ambo zote mbili za Ziwa Mweru. Barua za mapenzi zipelekwe kwa Shangazi, ukurasa wa nyuma.

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni mtu wa Tunduma, nanunua samaki hapa Kashikishi. Nimepata Hilux ya dizeli ya mwaka 1998, kilomita 98,000 tu. Mwenyewe anasema lilikuwa gari la daktari, la kwendea kanisani. Nilichukue? – Mwenye Haraka*

Marahaba, mwanangu. Kama kila gari linalouzwa hapa kwa jina la daktari lingekuwa la daktari kweli, Luapula nzima isingekuwa na mgonjwa.

Kilomita za kwenye dashibodi ziache kwanza. Tazama raba ya pedeli ya klachi, usukani mahali mkono unapokaa, na kiti cha dereva upande wa mlango. Namba hurudishwa nyuma kwa nusu saa. Raba iliyolika hairudi. Kisha washa ufunguo bila kuwasha injini. Toyota nyingi za dizeli za umri huo zina taa ya T-BELT, nayo huwaka kilomita zinapofika 100,000, kukumbusha kwamba mkanda wa taiming ubadilishwe. Mkanda ukikatika, pistoni hugonga valvu na safari inaishia hapo. Sasa ona adabu ya hilo gari lako: limezunguka miaka yote hii, likasimama kilomita 2,000 tu kabla ya taa! Taa zote za onyo za dashibodi zinapaswa kuwaka ufunguo unapowashwa. Isiyowaka kabisa, kuna mtu ameichomoa.

Hujaniambia linauzwa mwezi gani, na hilo ndilo ningeanza nalo. Uvuvi hapa hufungwa tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na Januari watoto wanarudi shule. Mtu anayeuza gari Januari huenda ana njaa ya kweli na gari zima. Lakini anayeuza pikapu ya dizeli mwezi wa Agosti, samaki wamejaa na barafu inagombaniwa, kila gari linaloweza kutambaa linaelekea Copperbelt, huyo muulize mara mbili. Akijibu haraka, muulize ya tatu.

Lala chini yake pia. Maji ya Mweru hayana chumvi, kwa hiyo watu hapa hudhani chesesi za kwetu haziozi kama za pwani. Chumvi inapanda na samaki! Maji ya samaki wa chumvi hudondoka kutoka bodi hadi kwenye chesesi safari nzima ya Mansa. Gonga kwa mpini wa nyundo kuanzia nyuma ya kibanda cha dereva. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza.

*Yambo Papa. Niko Kilwa, upande wa Kongo. Shemeji yangu wa Nchelenge anataka kuniuzia Prado, injini 1KZ. Kila nikivuka ziwa nakuta amekwisha kuliwasha. Asubuhi moja nilichelewa kuondoka nikaona linatoa moshi mweupe. Akasema ni ukungu wa ziwa. Mume wangu anasema nisimwaibishe ndugu yake. – Mama wa Kilwa*

Yambo, mama. Ukungu wa ziwa hautoki kwenye ekzosi.

Dizeli iliyochoka huficha mengi ikiwa ya moto. Shemeji yako analijua hilo, ndiyo maana huamka kabla yako. Nenda bila kuaga. Lala kwa ndugu mwingine, ufike kabla ya jogoo, uweke kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, rudi kesho. Likiwa baridi, mwambie aliwashe huku umesimama nyuma. Moshi mweupe kidogo unaokatika baada ya muda mfupi, wenye harufu ya dizeli, mara nyingi ni plagi za kupashia moto, hizo hubadilishwa. Ukiendelea huku injini inakosa mlio, fikiria kompresheni iliyokwisha au nozeli. Lakini ukiwa mvuke mzito na maji ya rejeta yanapungua siku hadi siku, basi fikiria silinda hedi, na kwa 1KZ nakuomba ufikirie hilo mapema. Ni injini yenye nguvu, ila hedi yake inajulikana kwa kupasuka ikishachemka.

Kando ya ziwa hutaligundua, maana barabara yetu ni tambarare. Mpeleke shemeji Mbereshi, mpande naye hadi Kawambwa, zaidi ya mita 300 juu ya ziwa, gari likiwa na mzigo. Juu kule simama, tazama sindano ya joto, shika mpira wa rejeta. Ukiwa mgumu kama jiwe na mapovu yanarudi kwenye chupa ya maji, msifie shemeji kwa udereva wake, umshukuru kwa matembezi, urudi Kilwa kwa boti. Hakuna atakayeaibika.

*Mjomba, kaka zangu wanagombana. Mmoja anataka Hilux D-4D ya 2010, mwingine Land Cruiser ya zamani ya 1HZ iliyotoka misheni. Ipi itadumu? – Kitinda Mimba, Chiengi*

D-4D haina ubaya, na ina mbio. Lakini nozeli zake hupuliza mafuta kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000, na kwa shinikizo hilo tone la maji au chembe ya mchanga ni msiba wa bei kubwa. Dizeli ya bomba la TAZAMA husafiri kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola bila shida. Tatizo linaanza pale inapoingia kwenye dumu lililokuwa na maji ya ziwa jana. Kaka zako wananunua wapi mafuta? Kama ni kwa madumu, jibu wanalo.

1HZ haina tabo wala kompyuta ya kuiamuru. Inavuta kwa uvivu, inakunywa, na fundi wa Kashikishi anaijua kwa kusikia tu. Hiyo nozeli ya D-4D ikilia, nani ataipima, na benchi lake liko mji gani? Mimi ningechukua ya misheni, lakini nimwone kwanza dereva wa misheni. Padri hajui kitu kuhusu hilo gari.

*Mjomba, oili ni nyeusi tititi. Niogope? – Mwoga, Mwansabombwe*

Hapana, ya dizeli huwa nyeusi upesi. Ogopa ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, kigeuze ukiweke juu ya tundu: kikirushwa na moshi unaopumua kwa nguvu, ringi zimekwisha.

*Mjomba, gari langu linakula oili na kutoa moshi wa bluu. Nimesikia oili nzito huuficha kwa siku chache. Nitumie ya namba gani? – Muuzaji Mwaminifu, Nchelenge*

Barua yako imefika, ndugu yangu. Tafadhali tutumie pia namba ya gari, rangi yake, na siku unayotarajia kuliuza. Nafasi katika toleo lijalo tumeshakuwekea.