Sifa za Wapangaji wa Mbwa

Malenga wamemaliza wino kwa kumsifu ngamia, farasi na njiwa, wala sijasikia hata mmoja aliyemtukuza kupe, kiroboto, safura au tegu, ilhali kwa adabu ya ujirani viumbe hawa wametupita sisi wanadamu mbali sana. Mbwa wangu mlinzi wa shamba, ambaye akilala hajazi mkeka wa mtoto, aliwatosha wote pasipo hati ya miliki wala shauri mbele ya kadhi: kupe walishika masikio na baina ya vidole, viroboto wakatamalaki kiuno, na matumboni safura na tegu wakaishi kwa suluhu, tegu akitoa vipande vya mwili wake, vyeupe, vikijinyonganyonga penye mkia mfano wa punje za mchele zilizotiwa roho.

Wala si watu wasio na nasaba. Mwaka 1958 wataalamu waliueleza mpangaji mwenzao, mnyoo mwembamba wa paka, mbwa na kanu wa Pate, wakaupa jina la kisiwa hicho, na hivyo nchi iliyolea watunzi wa tenzi ikatajwa pia katika vitabu vya minyoo.

Lakini fadhila yao kubwa ni kusitiriana. Fizi za mbwa zilipokuwa nyeupe kama sanda, daktari wa mifugo aliwaona kupe, akawahukumu kupe, nami nikarudi nyumbani nimeridhika. Maana damu iliyopungua haitaji jina la aliyeinywa, na kupe, kwa ukarimu wao, walibeba dhima ya jamaa nzima. Baada ya wiki mbili mgonjwa alikuwa vilevile. Ndipo kinyesi kilipokorogwa katika maji ya chumvi iliyokolea, na baada ya kama robo saa mayai ya safura, kwa wepesi wake, yakaelea juu na kunata kwenye kioo. Na tone la damu ya sikio, lilipotandazwa na kutiwa rangi ya Giemsa, likaonyesha chini ya hadubini vijidudu viwili viwili ndani ya chembe nyekundu, vimegusana ncha kama machozi mawili: hao ndio babesia, walioletwa na kupe. Tegu hakuonekana kiooni, kwani mayai yake husafiri yamefungwa ndani ya vile vipande. Tuliyemtafuta kwa hadubini alikuwa mkiani siku zote, na mbwa mwenyewe ndiye aliyemkaribisha, kwa kumeza kiroboto alipokuwa akijiguguna.

Karani aliyeandika majina yao alilazimika kugeuza karatasi.