Barua kutoka Testaccio: Utumbo ni wa Jumamosi

Mpwani anayehamia Roma hufika akiamini kwamba tambi anazijua. Amezila tangu utotoni, zimekaangwa kwa samli, zikatiwa sukari, iliki na tui la nazi, zikaliwa mwezi wa Ramadhani na asubuhi ya Idi. Basi ndugu mlioko Tanga, Mombasa na Unguja, pokeeni onyo mapema: habari hizo msizitoe kwenye mgahawa wa mtaani Italia. Kijana mmoja wa Tanga, mwanafunzi huku, alimsimulia mama mwenye mgahawa. Mama akaweka sahani chini, akamwomba arudie, huenda Kiitaliano cha mgeni ndicho kibovu. Aliporudia, mama akamwita mpishi atoke jikoni aje asikie mwenyewe.

Mgahawa wenyewe uko Testaccio, mtaa ulio kando ya mto Tiber. Hapo kuna kilima cha mita 35 hivi ambacho si cha mwamba wala udongo: ni vigae vya mitungi ya mafuta ya zeituni iliyoletwa kwa meli kutoka Hispania na Afrika Kaskazini, ikavunjwa na kurundikwa enzi za makaisari. Baadhi ya migahawa imechimbwa ubavuni mwake. Mtu anakula chakula cha usiku ameegemea takataka za makaisari, na analipa.

Ukarimu upo, tena mwingi, ila una amri zake. Ukibisha hodi saa kumi na mbili jioni utakuta mlango umefungwa. Kazi huanza mnamo saa moja na nusu, na wenyeji hawaonekani kabla ya saa mbili. Ukiingia unapokewa kwa kelele, kana kwamba ulipotea ukapatikana. Kisha unaanza kurekebishwa. Kukata tambi kwa kisu, hapana. Kunyunyiza jibini kwenye tambi za samaki, hapana. Ukiagiza kapuchino baada ya chakula cha usiku utaletewa, lakini mhudumu atauliza kwanza kama unaumwa.

Halafu kuna mtego wa tambi kuwa sahani ya kwanza tu. Kijana wetu aliimaliza yote, akapangusa mchuzi kwa mkate (jambo ambalo mtaani hapa linamfurahisha mpishi), akashukuru, akainuka kutafuta koti lake. Nyama ilikuwa bado. Mboga nazo zilikuwa bado, maana huagizwa peke yake. Mama akamkalisha.

Kilichomfanya arudi tena na tena ni machinjio. Machinjio makuu ya Roma yalijengwa hapa Testaccio kati ya mwaka 1888 na 1891, yakafungwa 1975. Minofu ilikwenda kwa wenye fedha. Wachinjaji na wachuna ngozi walipewa utumbo, mikia na mapafu kama sehemu ya ujira. Mtaa ukavitafutia mapishi. Mkia wa ng'ombe huchemka taratibu kwa nyanya na seleri hadi nyama iachie mfupa. Utumbo hutiwa nyanya, mnanaa na jibini la maziwa ya kondoo. Desturi ya mji imepanga hata siku: Alhamisi vidonge vya viazi, Ijumaa samaki, Jumamosi utumbo. Mtu aliyekua akinywa supu ya utumbo alfajiri kibandani haelezwi kitu hapo. Kinachomshtua ni bei, na kitambaa cheupe cha meza.

Nguruwe, hilo ulizeni mapema. Tambi za carbonara na amatriciana zote zina nyama ya shavu lake, na mhudumu ukimwambia huli anaweza kukujibu, kwa nia njema kabisa, kwamba ni kidogo tu, cha kutia ladha. Afadhali cacio e pepe, ambayo ni jibini na pilipili manga, basi. Hata mkia na utumbo wapishi wengine huanza na mafuta ya nguruwe na kutia mvinyo.

Bili haiji mpaka uiombe, hata ukikaa hadi usiku wa manane. Ikija, isome. Mkoa wa Lazio, ambamo Roma imo, ulipiga marufuku ada ya kukaa mezani mwaka 2006, lakini mkate unaweza kuhesabiwa, hivyo asiyeutaka aukatae kabla hajaumega. Maji ya chupa nayo yanalipiwa, katika mji wenye mabomba ya barabarani yapatayo 2,500 yanayomwaga maji safi ya kunywa bure.

Watu wa Malindi watatucheka. Waitaliano waliwafuata nyumbani: walianza kurusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu nao, mwaka 1967, na baadaye wengi wakafungua hoteli na migahawa, hata vijana wa ufukweni wanazungumza Kiitaliano vizuri kuliko sisi tunaokaa huku.

Anayepanga safari apige simu kuweka meza, na asije katikati ya Agosti. Sikukuu ya tarehe 15 hufunga migahawa mingi ya mtaani, na wenyewe wanakuwa pwani, wanakula samaki.