Tairi za Kilomita 270

Lami imefika kati ya Kibondo na Kasulu, na mwenye Altezza wetu ameona zamu yake imewadia. Tairi zake zimeisha kashata, zimebaki vipara vinavyong'aa kuliko boneti. Wenzake wakienda dukani huuliza bei; yeye anauliza habari za kushika kona.

Amechagua 215/45R17 yenye herufi W. Tumsomee: upana milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 97 hivi, sawa na kikombe cha chai, ringi inchi 17. Hiyo W ni ruhusa ya kukimbia hadi kilomita 270 kwa saa. Kibao cha kuingia mjini kinasema 50.

Fundi akachuchumaa, akaupima ubavu ule kwa kiganja, akaguna: "Kaka, ukiingia shimo moja tu, ringi ndiyo itakayosalimiana na jiwe."

Mpira laini wa tairi za mbio hung'ang'ania lami, lakini huliwa upesi. Na siku atakapoiacha lami kwenda kijijini wakati wa mvua, tope jekundu halisomi herufi. Litamtelezesha kwa heshima zote, huku baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi ikimpita.

Ndugu msomaji, kabla ya kuhangaikia W, soma tarakimu nne za ubavuni: wiki na mwaka tairi ilipotengenezwa. Hiyo 270 utaiota tu; tairi iliyozeeka itakupasukia ukiwa kwenye 50.