Barua ya Wazi kwa Wenye Kuhamisha Saa na Kupanga Mechi za Usiku

Kwa Waheshimiwa Wenye Mamlaka juu ya Saa na Kandanda ya Ulaya,

Ama baada ya salamu nyingi na taadhima impasayo mtu awezaye kulipeleka jua mbele na kulirudisha nyuma kwa amri ya karatasi, napenda kuwaarifu kwamba sisi wakazi wa Morogoro, mji uliolala chini ya milima ya Uluguru, hatujambo, ila tuna usingizi. Si usingizi wa maradhi wala wa uvivu. Ni usingizi wa Jumatano na Alhamisi asubuhi, na tabibu hana dawa yake, kwa kuwa chanzo chake kimo katika idara yenu.

Natanguliza sifa kabla ya ombi, kama ilivyo ada. Maadam kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba mnairudisha saa nyuma, na kila Jumapili ya mwisho ya Machi mnaisukuma mbele, na jua lenyewe halijapata kunung'unika, basi ninyi si watu wa kuandikiwa kwa dharau. Huku kwetu, juu Kinole, uko ukoo wa Chifu Kingalu, unaosifika tangu enzi za mababu kwa kuita mvua. Lakini hata katika siku za adhama yao kubwa sikupata kusikia kwamba mzee yeyote wa ukoo ule alidai kulihamisha jua. Mpaka huo mmeuvuka ninyi, tena bila kafara, kwa kupiga kura tu.

Sisi, Waheshimiwa, tu karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, na tofauti iliyopo kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa moja. Jua likichomoza twaanza kuhesabu, likizama twahesabu upya, na mama wa Kiluguru anayeshuka mlimani alfajiri, tenga la ndizi kichwani, kwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu, hufika kwa wakati wake Januari kama afikavyo Julai. Saa ya namna hii haihitaji bunge. Kwa hiyo mtatusamehe ikiwa twashangaa kuona kwamba mechi ya Ligi ya Mabingwa, ambayo Septemba huanza kwetu saa nne za usiku, ikifika Novemba huanza saa tano, ilhali hapana kilichobadilika Morogoro: Mlima Bondwa upo palepale na minara yake, kibanda umiza tunamotazamia mpira kipo palepale, na kiingilio ni kilekile. Mpira wa saa tano huisha saa saba kasorobo hivi. Ikija duru ya mtoano ya mwezi Machi, kabla hamjaisukuma saa yenu, na Mwenyezi Mungu akakadiria muda wa nyongeza na mikwaju ya penalti, basi twatoka bandani saa nane inakaribia, tukisindikizwa na mbwa wa mtaa mzima.

Jumamosi ndiyo yenye mtihani zaidi. Mechi ya Uingereza inayoanza huko saa tisa alasiri hutufikia, katika majira yenu ya joto, saa kumi na moja jioni, wakati murua, mtu ameoga na chai iko mezani. Mkisharudisha saa nyuma, mechi ile ile huanza saa kumi na mbili, na mwadhini wa Magharibi huadhini mpira ukiwa katika kipindi cha kwanza. Hapo banda hugawanyika: wenye imani thabiti huondoka mara moja, wenye imani ya kadiri hungoja kona ipigwe kwanza. Imamu akisoma sura fupi waumini huwahi kurudi kabla ya mapumziko; akisoma ndefu, huuliza matokeo njiani. Sijui, Waheshimiwa, kama mlipoitunga sheria yenu mlimkumbuka imamu wa Mwembesongo, aliyetiwa katika fitina hii bila ya kushauriwa.

Nimejaribu kumweleza jambo hili mjomba wangu wa Matombo, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye neno la mwisho, nilipokwenda kumwamkia nikasinzia mbele yake.

"Kwani jua lao limechelewa?" akauliza.

"La, mjomba. Wameirudisha saa nyuma."

"Nani kawapa ruhusa?"

"Bunge, mjomba."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba bunge la namna hiyo lingefaa kupewa na shughuli nyingine.

Tarikhi ya sheria hii nimeichungulia, nayo ina maajabu. Mwaka wa 1907, mwaka ule ule reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro, mjenzi mmoja wa Uingereza aitwaye William Willett, mpenda kupanda farasi asubuhi, alitoa kijitabu kulalamika kwamba watu wanalala huku jua limekwisha toka, na kutaka saa isukumwe mbele. Wenzake hawakumsikiliza hata akafariki 1915. Kisha Wajerumani, wakiwa vitani na wenye haja ya kubana makaa ya mawe, wakaisukuma saa yao mbele tarehe 30 Aprili 1916. Na tarehe 26 Agosti mwaka huo huo majeshi ya Jenerali Smuts yakaingia Morogoro, Wajerumani wakashika njia za kusini. Wazee wetu walidhani mambo yao yamekwisha. Hawakujua kwamba iko siku yatarejea kwa njia ya dishi.

Huenda mkasema kwamba hapana aliyetulazimisha kutazama, na kwamba mtu mwenye busara hulala saa nne akasoma matokeo asubuhi. Hoja hiyo ni ya watu wasioujua mji huu. Asubuhi hapana matokeo yanayosomwa: yanapigiwa kelele toka stendi ya Msamvu hadi Mji Mpya, na aliyelala hana haki ya kubisha, kwa kuwa shahidi asiyekuwapo hasikilizwi katika baraza lolote.

Wala msidhani kwamba Watanzania ni watu wa kuhamishiwa saa wakakaa kimya. Tarehe 8 Mei 2021 mechi ya Simba na Yanga iliyopangwa saa kumi na moja jioni ilisogezwa, siku ile ile, hadi saa moja usiku. Yanga walikuja uwanjani kwa saa ya kwanza, wakaondoka, wakashikilia kanuni. Mechi haikuchezwa hata Julai 3. Kwa saa mbili tu nchi nzima ilisimama. Ninyi mmekuwa mkitunyang'anya moja kila Oktoba na hatujawapelekea hata barua, mpaka hii.

Insafu yanitaka niseme kwamba zamu yenu nayo iliwahi kufika. Kombe la Dunia la 2002 lilipochezwa Japani na Korea, Brazili na Uingereza walikutana saa tatu na nusu asubuhi kwa saa yetu, siku ya kazi. Kwa Waingereza ilikuwa saa moja na nusu, nao wakafungwa 2-1 kabla chai haijapoa. Hatukucheka sana.

Tena najua kwamba nanyi mmechoka. Mwaka 2018 watu wa Ulaya milioni 4.6 waliulizwa wakajibu, asilimia 84 wakaikataa desturi hii, na wengi wa waliojibu walikuwa Wajerumani, wenyewe walioianza. Bunge la Ulaya likapiga kura Machi 2019, 410 kwa 192, ikomeshwe mwaka 2021. Serikali zenu hazijakubaliana, na saa bado inakwenda na kurudi. Vilevile fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Mei 2026 mjini Budapest ilipangwa kuanza saa kumi na mbili jioni za huko badala ya saa tatu usiku, ili watu wa familia wapate kuhudhuria na wageni wapate usafiri. Kumbe saa za mechi husogea, akitajwa anayestahili kuhurumiwa.

Basi ombi langu ni dogo. Ikiwa kuiacha saa yenu kumewashinda, isogezeni mechi: kila mrudishapo saa nyuma, ianzeni saa mbili usiku kwa saa yenu, ili kwetu ibaki saa nne. Na mkikataa, kumbukeni kwamba AFCON ya 2027 imepewa Tanzania, Kenya na Uganda. Mimi si mpangaji wa ratiba, lakini nitawaandikia wanaopanga kuwapendekezea fainali ianze saa mbili asubuhi kwa saa yetu, ili nanyi mwamke na usingizi machoni mtafute rimoti.

Jibu lenu nitalipokea siku yoyote, isipokuwa Jumatano na Alhamisi kabla ya adhuhuri.

Wasalaam,
Mtazamaji wenu mtiifu,
Kilakala, Morogoro