Jinsi ya Kuuza Mashine za Kupima Magari Doldol Bila Kuvaa Koti la Toyota

Anza na jina la duka. Usilipe jina la kampuni ya magari, hata kama ni Probox na Land Cruiser zitakazokulipia kodi ya nyumba. Lipe jina la mama yako, la kilima unachokiona ukifungua mlango, la fahali aliyewahi kuwashinda mafahali wote wa Mukogodo. Hakuna wakili wa Nairobi atakayekuandikia barua kuhusu fahali wako. Ukiwa na uwezo, lisajili jina hilo KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara, nawe uwe na chako cha kulinda.

Kisha chukua brashi uandike chini ya jina, kwa herufi za kawaida: "Tunapima Toyota, Nissan na Land Rover. Sisi si mawakala wao." Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, inakuachia nafasi ya kutaja gari ambalo kifaa chako kimetengenezwa kuendana nalo, mradi kulitaja huko kunahitajika na ni kweli. Nembo ya Toyota ya duaradufu tatu usiichore. Jina linamwambia mteja unachokijua, nembo inamfanya aamini umetumwa na kampuni.

Akitokea mtu wa kukutisha, mtajie Ronald Deenik. Huyu alikuwa na gereji Uholanzi, akauza BMW za mtumba na kuzitengeneza, akatangaza hivyo, BMW ikampeleka mahakamani. Tarehe 23 Februari 1999 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba kampuni haiwezi kumkataza fundi kutaja gari analolitengeneza, ila fundi asijionyeshe kana kwamba ana uhusiano maalumu na kampuni hiyo. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya, lakini hoja yake inasimama hata hapa: usipotaja BMW, mwenye BMW atajuaje kwamba unaweza kumsaidia?

Sasa tuje kwenye mzigo wenyewe, maana hapa ndipo jirani huumizwa. Kile kidude kidogo cha bluu kinachoitwa ELM327 kimetokana na chipu ya Elm Electronics, kampuni ya Kanada iliyofunga kazi mwaka wa 2022. Chipu za mwanzo hazikuwa na kinga ya kunakiliwa, basi zikanakiliwa, na nakala zikajaa sokoni. Kabla hujalipia katoni, chomeka kimoja kwenye gari, kiunganishe na simu, ukiulize toleo lake. Kikijibu 1.5, kirudishe. Elm ilitoka 1.4 ikaenda 2.0, haikutoa 1.5. Sheria ya Bidhaa Ghushi ya 2008 inaweka faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja kwa kila kipande, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili. Piga hesabu ya katoni nzima.

CD yenye programu ya kampuni iliyovunjwa kufuli, inayokuja kama zawadi ya kebo, usiiuze. Kudai haki ya kutengeneza gari hakukupi haki ya kuiba programu, na ukishikwa nayo umewapa hoja wanaotaka fundi wa jua kali afungiwe nje.

Mwambie mnunuzi kile mashine isichokiweza. Magari mengi tunayoyaendesha yalitengenezwa kwa soko la Japani. Unaweza kulikuta tundu la pini 16 chini ya usukani na bado gari la zamani likakataa kujibu, kwa sababu haliongei lugha ya kidude chako. Tena, msimbo wa hitilafu haumtaji mkosaji. Probox imetoka Nanyuki kwa vumbi, taa ya injini inawaka, mashine inaonyesha P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Muuzaji mwenye haraka atauza sensa ya oksijeni. Wewe fungua kichujio cha hewa kwanza, tazama sensa ya hewa kama ina vumbi, pitisha mkono kwenye mpira wa kuingizia hewa utafute ufa. Mara nyingine dawa ni kopo moja la kusafishia sensa, na mteja anarudi nyumbani na pesa ya karo mfukoni.

Haya nayasema kwa uchungu kwa sababu kampuni zikificha taarifa za ufundi, mtu wa Doldol ananyimwa fundi wa karibu, anabaki na gari bovu na yapata kilomita 50 mbele yake hadi Nanyuki. Wapiga kura wa Massachusetts walipitisha sheria ya haki ya kutengeneza magari mwaka wa 2012, wakaiongezea nguvu mwaka wa 2020. Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa miongozo iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, na fundi huru akapata njia ya kudai taarifa za ufundi. Sisi tuna Ibara ya 46 ya Katiba, inayompa mlaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na tuna Sheria ya Ushindani ya 2010.

Kwa hiyo weka daftari kaunta. Kila gari unaloshindwa kulitengeneza kwa kuwa kampuni imefunga taarifa, andika aina, mwaka wa kutengenezwa, msimbo uliosoma, ulichoomba na jibu ulilopewa. Kurasa zikijaa, wakusanye mafundi wa Nanyuki, Timau na Nyeri wenye madaftari yao, iandikieni malalamiko Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na nakala moja mpeni mbunge wa Laikipia Kaskazini mkononi.