Futa Nusu ya Vituo Vyako

Chukua ile karatasi uliyoandika Mara, Nakuru, Amboseli, Diani na Turkana ndani ya wiki moja, uipasue. Hizo ni mbio za kupokezana vijiti, na kijiti ni wewe mwenyewe. Wanaosafiri hivyo tunawajua hapa Tala. Wakirudi wana picha tele kwenye simu, lakini ukiwauliza walizungumza na nani huko Nakuru, wanamtaja dereva wao.

Ukishapasua, usitafute vituo. Tafuta njia iliyokuwapo kabla yako. Sisi wa Ukambani tunayo. Kabla ya reli, misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa. Mmisionari Krapf naye alitoka pwani akaja huku, akafika Kitui kwa Kivui, kiongozi wa misafara hiyo, na mwaka 1849 akauona Mlima Kenya kutoka huko. Ishike njia hiyo kuelekea baharini, uipe siku kumi, na vituo vitajipanga vyenyewe.

Anzia sokoni Tala, siku ya soko, mapema. Wageni wengi huona soko hili kupitia dirisha la matatu ya Kangundo Road, na hasara ni yao. Kwa mama wa vyondo usiulize bei huku umemwelekezea kamera. Msalimie, mwite mama, kaa. Tazama anavyoweka nyuzi mbili za katani pajani, akazisukuma kwa kiganja mara moja, zikasokotana kuwa kamba moja kabla hujajua mkono umepita wapi. Ukikitazama chondo kikianza hivyo, utaona haya kupunguza bei, na ndivyo inavyotakiwa.

Kisha panda mlima Kilimambogo, mita 2,145. Lipa kwa simu, maana KWS, shirika la wanyamapori, hawapokei pesa taslimu, na kama unakwenda kwa miguu omba askari wa kukusindikiza. Nyati wa mlima huu hawajui kuwa wewe ni bingwa wa mazoezi mjini. Njiani utakuta kaburi la McMillan, mlowezi tajiri aliyefariki mwaka 1925. Lisome, lakini usilifanye kilele cha safari. Historia nzito zaidi inakungoja Machakos.

Hapo, ukiitazama milima ya Iveti, mkumbuke Muindi Mbingu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo. Aliongoza maelfu ya watu hadi Nairobi, wake kwa waume, wakapiga kambi wakidai wanyama wao. Serikali ililegeza msimamo, lakini yeye ilimkamata ikampeleka uhamishoni Lamu. Watu hupita kila siku katika barabara yenye jina lake jijini wakitafuta tu mahali pa kuegesha gari. Wewe usiwe mmoja wao.

Ukielekea Kitui, shuka Wamunyu. Huku ndiko Mutisya Munge alikorudi na ufundi wa kuchonga aliojifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na uchongaji wa Wakamba ukaenea dunia nzima. Tafuta fundi aliye kazini. Muone akimtoa twiga ndani ya gogo kwa tezo, kisha msasa mkali, kisha msasa laini, kisha kiwi ya viatu. Na tafadhali, usinunue mpingo ukidhani ndio wenye heshima. Mpingo umekuwa adimu. Mwarobaini na mwembe hutoa kazi safi.

Kitui kuna jiwe la Nzambani. Wenyeji husimulia kwamba ukilizunguka mara saba unageuka jinsia. Kwa hiyo hesabu vizuri.

Barabara ya lami ya Mutomo na Ikutha itakushusha Kibwezi. Hapo panda treni ya abiria inayosimama vituo vya kati, si ile ya moja kwa moja, na ubebe kitambulisho. Shukia Mariakani, utafute matatu za Mazeras na kisha Rabai. Wapanga safari wengi huiruka Rabai ili wawahi ufukweni, na kwa hilo siwasamehe. Krapf alianzisha misheni hapo mwaka 1846, kanisa la zamani sasa ni makumbusho, na Wakamba wamekaa huko tangu karne ya 19, jirani na kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2008. Kaya usiingie bila ruhusa ya wazee. Wakikwambia vua viatu, vua.

Mombasa nenda Fort Jesus asubuhi kabla ya joto, ule viazi karai jioni, basi. Mji huo unajitosheleza kwa matangazo.

Malizia Lamu: basi hadi Mokowe, kisha boti. Utaonyeshwa milango ya nakshi, punda na vichochoro vya mji ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, na vyote vinastahili. Lakini keti barazani na wazee, uwaamkie shikamoo, uulize kama kuna anayejua habari za Mkamba aliyeletwa kwao mwaka 1938 kwa sababu ya ng'ombe. Kama hakuna, wasimulie wewe.