Nchi Inayosoma Saa kwa Kiswahili

Rotterdam, Uholanzi

Kwa ndugu zangu wote wa Tanga, wa Ngamiani na wa Chumbageni,

  Lengo la barua hii ni kuwajulisha kuwa likizo ya Septemba nitaitumia Suriname. Najua jina hilo likisomwa kwa sauti hapo barazani, mmoja atauliza kama ni dawa ya minyoo, mwingine ataapa kuwa iko jirani na Vietnam, na Mjomba, ambaye hajakosa jibu tangu azaliwe, atawaeleza kuwa ni mkoa wa India. Ni nchi huru, Mjomba, tangu tarehe 25 Novemba 1975. Iko Amerika Kusini, juu ya Brazili, imebanwa kati ya Guyana na Guiana ya Wafaransa. Ndiyo ndogo kuliko nchi zote huru za bara lile, na watu wake ni laki sita na kitu, hawafikii wakazi wa Kinondoni peke yake. Sababu za kuichagua nazieleza mapema, maana nawajua: nisipojieleza, mtaniitishia kikao nisichokuwepo.

Mtu wa kwetu akipata nauli huwaza Paris, Dubai au New York, na akiulizwa kwa nini, hujibu kwamba ni mahali ambapo kila mtu anapajua. Hoja hii hunishangaza. Kama kila mtu anapajua, habari za huko zimeshasimuliwa na picha zimeshapigwa. Msafiri anakwenda tu kukagua kama mnara bado umesimama. Mimi nashikilia kwamba safari hupimwa kwa yale mgeni atakayoyaelewa akishafika. Wangapi watazitambua picha zake ni jambo la mpiga picha. Na kwa kipimo hicho, Mswahili ataielewa Paramaribo, mji mkuu wa Suriname, vizuri zaidi ndani ya wiki moja kuliko atakavyoielewa Paris kwa mwaka.

Tuanze na saa. Suriname iko nyuma ya Greenwich kwa saa tatu, sisi tuko mbele kwa saa tatu, na tofauti ya saa sita haibadiliki mwaka mzima. Sasa pigeni hesabu polepole. Saa ya ukutani Paramaribo ikionyesha saba, wenyewe wanaiita asubuhi na wanatafuta chai. Dakika hiyohiyo Tanga ni saa saba mchana na wali umeshapakuliwa. Ikionyesha nane, jioni kwao, kwenu ni saa nane ya usiku na mbwa wa jirani anabweka. Miaka yote wageni wametucheka kwamba Mswahili amevaa saa yake kichwa chini, kumbe ng'ambo ya Atlantiki kuna nchi nzima ambako kila saa inasoma Kiswahili na hakuna aliyegeuza mshale! Mbishi atasema hata Buenos Aires ni hivyo hivyo. Ni kweli, lakini Buenos Aires magari yanapita kulia. Katika bara zima la Amerika Kusini ni Suriname na Guyana tu wanaopita kushoto kama sisi. Waholanzi waliowatawala walihamia kulia zamani, koloni likabaki kushoto, na hata baada ya uhuru hakuna aliyeona sababu ya kuhama.

Mvua nayo haihitaji mkalimani. Wana masika yao, kuanzia mwisho wa Aprili hadi katikati ya Agosti, na wana vuli yao Desemba na Januari. Ndiyo maana nakwenda Septemba, kiangazi kirefu kimeshaanza. Tena Julai na Desemba tiketi za kutoka Amsterdam hupaa, kwa sababu Wasuriname wa Uholanzi wanarudi kwao na maboksi ya zawadi. Aliyewahi kuona wenzetu wakishuka uwanjani Desemba, sanduku tatu na kamba ya katani, hahitaji maelezo zaidi.

Mezani ndiko hoja yangu inaponona. Wahindi walifika Suriname mwaka 1873 kwa mikataba ya kibarua mashambani, mfumo uleule wa Waingereza uliowaleta mafundi na vibarua wa reli ya Mombasa miaka ishirini na kitu baadaye. Kwa hiyo chapati ipo, wanaiita roti, na mchuzi wake wa kuku na viazi. Wajava walifuata mwaka 1890 na tambi zao na supu yao ya kuku. Lakini chakula kinachonivuta ni cha watu wenye asili ya Afrika: mihogo, ndizi na viazi vitamu vilivyochemshwa, pembeni samaki wa chumvi, ng'onda kabisa. Jina lake, nawaomba mshike viti, ni heri heri. Haina uhusiano wowote na heri yetu, ni masikio tu yanayodanganyika. Huliwa hasa tarehe 1 Julai, sikukuu ya Keti Koti, maana yake mnyororo umekatika, kukumbuka kufutwa kwa utumwa mwaka 1863. Nasema kufutwa kwa ulimi mzito, maana walioachiwa huru walilazimishwa kufanya kazi mashambani miaka kumi zaidi, chini ya macho ya serikali. Na kabla kumi hiyo haijakwisha, mwaka 1873, meli ya kwanza ya Wahindi ilikuwa imeshatia nanga. Mwenye shamba hakutaka kulala njaa hata usiku mmoja.

Shangazi, hapa sogea karibu. Wanawake wa Paramaribo wana kilemba kiitwacho angisa. Kitambaa hukazwa kwa wanga na kukunjwa kwa mitindo mbalimbali, na kila mkunjo una neno lake. Upo mkunjo mashuhuri ambao maana yake ni waache waseme. Yaani kile tunachokiandika sisi kwenye kanga kwa herufi kubwa ili jirani asome, wenzetu wamekikunja kichwani, na jirani anasoma vilevile. Naomba mtu anionyeshe jambo moja la Paris linaloeleweka kwa kasi hiyo.

Sasa mapingamizi, maana nayasikia hadi hapa. La kwanza ni kwamba nchi isiyojulikana haina maana. Ndugu zangu, haijulikani kwa nani? Mwaka 1667 Waingereza na Waholanzi walipatana katika mji wa Breda: Mholanzi akabaki na Suriname na sukari yake, Mwingereza akabaki na kimji kilichoitwa New Amsterdam, ambacho leo ni New York. Wakati ule Mholanzi alidhani amelamba asali. Karne tatu zikapita, na katika mji huohuo wa Breda akazaliwa mwanasoka Virgil van Dijk, ambaye mama yake ana asili ya Suriname. Clarence Seedorf na Edgar Davids wamezaliwa Paramaribo penyewe. Vijana wa Ngamiani wamewashangilia Wasuriname maisha yao yote wakidhani ni Waholanzi.

La pili ni mbu. Mama atasema porini kuna homa, na pori kweli lipo: zaidi ya asilimia 90 ya nchi ni msitu. Lakini Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Suriname imeitokomeza malaria, ya kwanza katika ukanda wa Amazon. Tanga tumethibitishiwa nini? Wao ndio wenye haki ya kuuliza ninatoka wapi. Homa ya manjano ni suala jingine, sindano nachoma na kadi ya njano natembea nayo, tena nikija huko baadaye watu wa afya uwanjani wataidai.

La tatu nalikubali mara moja: ufuko ni kama hawana. Amazon humwaga tope baharini, mkondo ukalisogeza kaskazini magharibi hadi kwao, na pwani karibu yote ni matope na mikoko. Atakaye mchanga mweupe abaki Raskazone. Badala yake kuna Paramaribo ya kale, mji wa mbao uliomo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2002, ambamo sinagogi na msikiti vimesimama ubavu kwa ubavu katika barabara moja. Na Jumapili asubuhi wanaume wazima hubeba ndege katika tundu hadi uwanja wa mbele ya ikulu, wakawashindanisha nani anaimba zaidi. Kuhusu wanaosema hela ya safari ingeezeka nyumba, bati halitaota kutu kwa mwezi mmoja wa kusubiri.

Pingamizi zito ni la Babu: kama huko kuna mihogo, vuli, mafumbo na saa za Kiswahili, si urudi nyumbani tu? Hili linastahili jibu. Kufanana kunanifungulia mlango, lakini ninachokifuata ndani ni kile tusichokuwa nacho. Watumwa waliotoroka mashambani waliingia msituni, wakapigana na Waholanzi hadi Waholanzi wakachoka. Mwaka 1760 kundi lao moja, Wandyuka, walitia saini mkataba wa amani unaowatambua kuwa watu huru, na Wasaramaka wakafuata mwaka 1762, karne nzima kabla utumwa haujafutwa. Pwani ya Kenya kulikuwa na vijiji vya watoro kama Fuladoyo, lakini hakuna mtawala aliyewapa mkataba wa namna ile, wala hawakubaki taifa lenye lugha na machifu wake mpaka leo. Mto Suriname unapandwa kwa mtumbwi hadi vijijini mwa Wasaramaka. Wala sitakwenda kudai undugu. Mababu zao walitekwa Afrika Magharibi na pande za Loango na Angola. Hawakutoka kwetu, na mgeni anayefika mikono mitupu akiita watu binamu huwa anatafuta chakula.

Kwa hiyo sitafika mikono mitupu. Yeyote anayekuja Ulaya kabla ya Septemba aniletee doti nne za kanga za zawadi. Wenyeji hawasomi Kiswahili, lakini kwa watu waliozoea kusoma vitambaa vichwani, sithubutu kubahatisha. Majina yawe ya upole, na asiyachague Shangazi.

Wenu wa ughaibuni